Meza ya Watu Wawili

Gil-su alipohamia mji wa Daegu hakuwa na mtu. Karakana ya meli alikofanya kazi kule Tongyeong ilikuwa imefungwa, mke alikwisha kumwacha zamani, na kazi aliyopata ni kulinda magorofa. Kupika hakujua. Kila akitoka zamu alizunguka mitaani akinusa: utumbo wa kuchoma, samaki wa pilipili, mifupa ya nguruwe ikichemka. Lakini akifungua mlango tu, swali lilikuwa lile lile.

"Mko wangapi?"

"Peke yangu."

"Aa, sisi tunapika kuanzia watu wawili, kaka. Pole."

Akaishia kula tambi za dukani, kasimama.

Siku moja, mvua inanyesha, walimkatalia kwenye mkahawa wa mifupa. Nyuma yake alikuwapo bibi mmoja wa koti la zambarau, naye kakataliwa. Bibi akacheka.

"Kwani tuna ukoma?" Akamshika Gil-su mkono, akamrudisha ndani. "Haya mama, tuko wawili. Teleka!"

"Mnajuana nyinyi?" mwenye mkahawa akauliza.

"Ndiyo tunajuana sasa. Lete sufuria."

Aliitwa Bun-rye, amepita miaka sabini. Alitoka Andong kuja kumlelea binti yake mtoto. Baadaye binti na mumewe wakahamia Seoul, wakasema watamfuata mama wakitulia. Hawajatulia.

Basi ikawa kila Alhamisi wanakutana nje ya mkahawa ule, kisha wanakwenda kutafuta mwingine. Bun-rye alikuwa na pua ya paka.

"Ukiona wateja wote wanachezea simu, toka. Chakula kitamu hakikuachii mkono."

"Dada, hapa nimepapenda."

"Wewe hata kiatu ungekipenda kikichemshwa. Twende!"

Walibishana, walicheka, wakaagana mlangoni. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anaishi wapi.

Baridi ilipoingia, bibi akaanza kuacha chakula. Akawa anakohoa.

"Dada, umekwenda hospitali?"

"Nimekwenda. Daktari mwenyewe mtoto, anaogopa kunitazama usoni. Kula, nyama inapoa."

Gil-su akala.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Gil-su alisimama nje mpaka vidole vikafa ganzi. Iliyofuata pia hakuja. Ndipo mwenye mkahawa wa mifupa akatoka kumwita, aproni mkononi.

"Kaka, hujasikia? Yule bibi wamemkuta chumbani kwake. Majirani walisikia harufu."

Msiba ulikuwa kwenye ukumbi wa misiba wa hospitali. Gil-su aliinama mara mbili mbele ya picha ya marehemu, kama ilivyo desturi. Bibi katika picha alikuwa kijana, hata hakumtambua. Meza za kulia wageni wa msiba zilikuwa zimepangwa, na hapakuwa na mtu. Binti, nguo nyeusi, macho yamevimba, alimletea mchuzi mwekundu wa ng'ombe na wali, akakaa mbele yake.

"Samahani baba, ulijuana na mama kanisani?"

"Hapana. Tulikuwa tunakula pamoja kila Alhamisi."

"Mkila wapi?"

"Mikahawani. Alijua kuchagua."

"Mama yangu?" Binti alimkazia macho. "Mama hakula mkahawani maisha yake yote. Kila nikimwambia nikija nitampeleka ale kizuri, alisema tumbo lake halikubali vitu vya nje."

Gil-su alikumbuka jinsi bibi alivyofyonza mifupa mpaka ikang'aa.

"Sasa ulikuwa unamwona kila wiki," binti akasema. "Hukuona anaumwa? Alipokosekana, hukwenda hata kumgongea?"

"Sikujua anakoishi."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Binti akajifunika uso kwa viganja.

"Hata mimi sikupiga simu," akasema.

Mchuzi ulikuwa mbaya, wa kupikwa kwa mapipa, mafuta yameganda juu. Gil-su alichukua kijiko, akaanza kula, na machozi yakamdondokea kwenye bakuli. Alipomaliza, binti aliinuka akamwongezea lingine, akarudi kukaa, akamtazama akila.