Siku Trekta la Awadhi Lilipoamka

Vijana wa vyuma chakavu walifika Makuyuni asubuhi na mkokoteni wao, wakasimama mbele ya nyumba ya Awadhi na kuulizia trekta dogo lililotelekezwa kando ya banda la kuku. Awadhi alikuwa ameketi barazani. Hata shingo hakugeuza.

"Lichukueni tu," alisema.

"Halichukuliwi!" Mkewe, Ikram, alitoka jikoni mikono ikiwa imejaa unga. "Nendeni salama, wanangu."

Trekta hilo lilikuwa la shamba la machungwa ambako Awadhi alikuwa dereva kwa miaka mingi. Shamba lilipouzwa, mwenye shamba alimpa trekta hilo liwe shukrani. Akalimia nyanya na mchicha, akawabebea majirani mahindi, mpaka injini ilipokwama. Mwaka huohuo akaanguka kutoka juu ya mchungwa na kuvunjika nyonga. Mfupa uliunga, ila Awadhi mwenyewe hakurudi kama zamani. Yule mtu wa mizaha, aliyewachekesha watu hata msibani, sasa alikuwa mtu wa kuitikia salamu, kula na kulala.

Ikram hakujua lolote kuhusu injini. Alijua tu kwamba mumewe anajua. Vijana walipoondoka, alitandika turubai pale bandani, akaazima spana kwa jirani yake Maryamu, akashika nati ya kwanza aliyoiona.

"Hiyo unaikaza," Awadhi alisema kutoka barazani.

Ikram akazidi kuikaza.

"Mama Zaidi! Zungushia upande wa pili!"

"Upande upi?"

"Huo mwingine! Hebu lete hapa."

"Nikuletee trekta zima barazani, Baba Zaidi?"

Awadhi aliguna, akajiinua. Ikram aliinamia injini ili mumewe asimwone akitabasamu.

Tangu hapo turubai likawa ofisi yao. Ndani ya kichujio cha hewa walikuta panya ametengeneza kiota cha maganda ya mahindi. Kwenye eksozi nyigu walijenga mpaka wakaiziba kabisa. Petroli ya zamani iliganda ndani ya kabureta kama gundi ya mti. Ikram aliisugua kwa mswaki, Awadhi akazibua matundu yake kwa uzi mwembamba wa waya, akiyapuliza na kuyatazama juani.

Pistoni ndiyo iliyokataa. Ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda. Awadhi alimimina dizeli kupitia tundu la plagi, akasema waiache inywe. Ikram aliamka kesho yake akakuta kitanda kitupu. Mumewe alikuwa bandani, chai hajanywa, anagonga taratibu kwa kipande cha mti.

"Imesogea!" alipaza sauti. "Njoo uone, imesogea!"

Pistoni ilipotoka, ringi zake zilikuwa zimevunjika. Wakaifunga kwenye kitambaa, wakapanda basi kwenda Korogwe kwa fundi Deogratius.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema. "Ringi za injini hii hazitengenezwi tena."

Awadhi akanyong'onyea. Lakini Deogratius aliipima pistoni, akazama kwenye boksi lake la vikorokoro, akaibuka na ringi za pampu ya maji. Akazijaribu moja moja. Zilikaa kama zimezaliwa humo. Awadhi alimkumbatia fundi wa watu bila kujali mafuta yaliyomjaa.

Siku ya kuwasha, Maryamu naye alikuja kushuhudia. Ikram akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena mpaka bega likauma. Awadhi alichomoa plagi, akainusa.

"Petroli inafika. Cheche ndiyo hakuna."

Akaipiga msasa, akairudisha. Ikram akavuta. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, halafu ikanguruma na kuku wote wakakimbilia migombani. Maryamu akapiga vigelegele. Awadhi, kwa furaha, akapanda na kutia gia kabla hajajipanga. Mguu wake mbovu ukateleza kwenye klachi, trekta likaruka mbele, likapita katikati ya kamba ya nguo za Maryamu.

"Baba Zaidi!" Ikram alikimbia nyuma yake, roho mkononi.

Trekta lilizima lenyewe kwenye tuta la viazi. Juu yake alikaa mtu aliyefunikwa kanga gubigubi, na mtu huyo alikuwa anatikisika. Ikram alidhani analia. Alipoivuta kanga, alimkuta Awadhi anacheka, machozi yakimtiririka, hawezi kusema.

"Mwambie Maryamu," alisema alipopata pumzi, "hii ya maua inanipendeza kuliko yeye."

Walicheka wote watatu hadi wakaketi chini.

"Ila mguu huu hauwezi klachi tena," Awadhi alisema baadaye, akipapasa nyonga. "Utaendesha wewe."

"Mimi?"

"Injini umeifungua. Kuendesha kutakushinda?"

Jioni ile Ikram alilima kipande cha nyanya, mistari imepinda huku na huku, Awadhi akitembea pembeni na kumwelekeza kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Simu ya Awadhi ikalia. Alikuwa Zaidi, mtoto wao, kutoka Tanga.

"Baba, mbona kelele? Sikusikii! Uko wapi?"

"Shambani!" Awadhi alipiga kelele, wala hakumwambia Ikram azime. "Subiri kidogo, mama yako anakata kona!"