Mke wa Meneja Haombi

Kwa juma zima Nawoi alifundishwa na mumewe jambo ambalo mama Mturkana hafundishwi na mtu: kukaa na mgeni bila kumwomba kitu.

Chanzo kilikuwa kazi ya Uswidi. Mumewe, Ekwam, alikuwa meneja wa ghala la chakula la shirika moja la misaada katika kambi ya Kakuma, na alikuwa ametajwa aende kufanya kazi katika makao makuu ya shirika hilo ng'ambo. Mameneja wawili waliomtangulia walirudi kabla ya mwaka kwisha. Kazi waliiweza, wake zao ndio waliojifungia ndani wakalia mpaka wakakonda. Kwa hiyo mkurugenzi wa Lodwar, Bwana Nils, alitoa amri mpya: kabla ya meneja kupitishwa, mkewe naye asailiwe.

"Mama Adome," Ekwam alionya, "mzungu akiombwa huona anaporwa. Usimwombe kofia, usimwombe saa. Ukiomba tu, mimi nitazeekea kwenye magunia ya mahindi."

"Hata tumbaku?"

"Hata tumbaku."

"Basi atajuaje kwamba nimemwona kuwa mtu?"

Wakafanya mazoezi. Jirani yao Achol, mama wa Kidinka aliyeuza chai karibu na ghala, alikalishwa kitini awe mzungu. Nawoi alimsalimu, akamwuliza habari za safari, kisha akanyamaza mpaka jasho likamtoka.

"Dada," alisema mwishowe, "hizo shanga zako..."

"Umeanguka!" Achol akapiga makofi. "Uswidi utaisikia redioni! Na shanga sikupi."

Siku ya usaili walipanda lori la shirika hadi Lodwar. Ekwam alivaa tai ya kuazima, na kwapani alibana ekicholong chake, kile kigoda cha mti ambacho mwanamume hukikalia mchana, na usiku hukiweka chini ya shingo kama mto.

"Na hicho je?" Nawoi aliuliza.

"Kinanisindikiza tu."

Bwana Nils aliuliza kama Nawoi ataiweza baridi. Akajibu ataiweza. Je, upweke? Atauweza. Lugha? Atajifunza. Majibu yalitoka yakiwa yamenyooka, kama alivyofundishwa, na kila jibu lilimzidishia mkurugenzi huzuni.

"Wale wawili pia walijibu hivi hivi," alisema. Akafunga faili, akainuka, akachukua kofia yake pana. Ekwam aliiona Uswidi ikielekea mlangoni.

Nawoi naye aliona jambo jingine: mtu mzima anaondoka mbele yake, hajaombwa chochote, kana kwamba hakuwapo. Moyo wake ukakataa.

"Bwana Nils, nipe hiyo kofia."

Ekwam akafumba macho.

"Kofia yangu?"

"Ndiyo. Miaka minne uko hapa, nani amekuomba kitu, nawe ukamwomba? Ukininyima si neno, nitaomba kingine. Na wewe niombe."

 Macho ya mkurugenzi yakazunguka chumba, yakatua kwapani mwa Ekwam.

"Naomba kile kigoda."

"La!" Ekwam alifoka kwa sauti aliyowawekea wezi wa ghalani. "Bwana Mkurugenzi, hii ni shingo yangu!"

"Mpe, Baba Adome," Nawoi alisema. "Huko wanalalia mito. Anza kuzoea."

Ekwam alikitoa polepole, kama mtu anayeng'olewa jino. Bwana Nils akamvika Nawoi kofia, akaketi tena.

"Siku ya kwanza huko Uswidi utafanya nini?"

"Nitabisha kwa jirani nimwombe chumvi."

"Hata kama unayo?"

"Hasa kama ninayo. Asiye na chumvi ana haraka ya kurudi jikoni. Mimi nitakuwa na nafasi ya kukaa."

"Na akikunyima?"

"Kesho nitamwomba sufuria."

Bwana Nils alicheka mpaka akaifuta miwani. Kisha akafungua faili na kumpitisha Ekwam, ambaye alishukuru huku akijisugua shingo.

Mkurugenzi alitoka juani kichwa wazi, kigoda kwapani. Langoni alikaa Erupe, mlinzi ambaye siku zote mkurugenzi alimpungia mkono tu akapita. Leo alisimama, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Erupe. Nipe tumbaku."

Erupe akafungua kikopo chake cha tumbaku. Akammiminia kiganjani, kisha akakitazama kigoda.

"Na hicho," akauliza, "mimi utanipa lini?"