Nzuri, Ila

Theodora alikuwa na siku moja tu ya kuwafanya watafiti walalamike, na watafiti walikuwa hawalalamiki ng'o.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa simu za mkononi, ukitaka kupiga unapanda kwanza juu ya jiwe. Theodora alikuwa mkutubi wa kituo cha utafiti wa kilimo karibu na Mtinko. Maktaba yake ilikuwa kompyuta moja na sidii za majarida zilizoletwa kwa basi kutoka makao makuu, Dar es Salaam. Sasa makao makuu walikuwa na dishi moja la intaneti, nalo lingekwenda kwenye kituo ambacho watumiaji wa maktaba yake hawajaridhika. Kesho Bwana Laurian wa makao makuu angekuja kuwasikiliza mwenyewe. Theodora alilitaka dishi lile mpaka akaliota.

Basi akapita ofisi kwa ofisi. "Mnaionaje maktaba?"

"Nzuri," akasema Chediel wa wadudu wa alizeti, yule yule aliyeipiga kompyuta kofi juzi.

"Nzuri tu, dada," wakasema wengine. Heshima nyingine zinaudhi!

Jioni, kanuna, akampitia Mzee Alute wa mifugo, mkubwa wao kwa umri.

"Shikamoo, mzee. Habari za nyumbani?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri." Akamvutia kiti, akangoja aketi. "Ila upepo umeezua nyumba."

Theodora nusura acheke balaa la mwenzake. Kumbe! Kwao hata mwenye msiba huanza na "nzuri". Hiyo ni kukaribishana tu. Habari yenyewe huja na "ila", na yeye alikuwa akiondoka kabla haijafika.

Kesho yake mkutanoni Laurian akauliza, "Jamani, mmeridhika na maktaba?"

"Tumeridhika!" wakaitikia kama kwaya.

Laurian akaanza kufunga begi. Theodora akasimama, akawageukia wenzake.

"Ila?"

Weee! Pakachafuka. Chediel akasema sidii mpya kuliko zote ina miaka minne, na wadudu wake hawamsubiri mtu. Agnes wa mtama aliagiza makala akiwa mchumba, leo ana mapacha na makala haijafika. Laurian akaandika mpaka wino ukamwishia.

Alipokwisha kuingia garini, akampa Theodora mkono dirishani. "Dishi ni lenu."

Furaha ikampanda Theodora mpaka utosini. Akainama, akamtania, "Ila?"

Laurian akatazama usukani. "Ila linakuja na mkutubi wake, aliyesomea mambo hayo. Wewe tutakuhamishia masjala."

Gari likaondoka. Watafiti walikuwa wamejaa barazani, wanamngoja.

"Habari?" Chediel akapaza sauti.

"Nzuri," akasema Theodora. "Tumepata dishi."

Vifijo vikalipuka, kofia ya Chediel ikaruka juu ya bati. Mzee Alute hakupiga kofi hata moja. Alimvutia Theodora kiti, akangoja aketi.

"Ila?" akamwuliza.