Kahawa ya Jumamosi kwa Emama Wubit

Mwalimu Getnet alipofika Gusha, watu wa kule milimani walisema hatamaliza wiki mbili. Mwalimu aliyemtangulia alikaa siku tisa. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, barabara ilikuwa mwendo wa saa mbili bondeni, na lori la kubeba shayiri lilipita mara moja kwa wiki, Jumamosi mchana.

Tiruwerk alikuwa na miaka kumi mwaka ule. Chumba cha mwalimu kilipakana na nyumba yao, ukuta kwa ukuta, na jioni ya Ijumaa ya kwanza alimsikia akilia. Hakuwahi kusikia mwanamume mzima akilia pasipo msiba. Kisha akasikia sanduku likiburutwa.

Akatoka mbio kwa Asnakech, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja.

"Mwalimu anaondoka kesho! Anafunga sanduku."

"Na sisi ndiyo kwanza tumeanza hesabu za kugawanya!" Asnakech akakunja uso. "Twende kwa Emama Wubit."

Tiruwerk alisita. Emama Wubit, bibi kizee jirani yao wa upande wa pili, alikuwa mjane mwenye ulimi mkali, na watoto waliosogelea kondoo wake walirushiwa chochote kilichokuwa karibu na mkono wake. Lakini Asnakech hakumwogopa mtu.

Bibi aliwasikiliza huku akichambua dengu.

"Sasa mnataka nimfunge kamba?"

"Hapana, Emama. Umkaribishe kahawa."

Bibi akaacha kuchambua. Gusha hakuna mgeni anayeinuka kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka. Anayeinuka amemtukana mwenye nyumba. Bibi akacheka hadi shuka ikamteleza begani.

"Kumbe shule inawafundisha kitu!"

Asubuhi, mwalimu alipotoka na sanduku lake, alimkuta bibi amesimama njiani.

"Mwalimu, unapita mlangoni kwangu kama unapita zizini?"

"Nisamehe, Emama, nawahi lori."

"Lori halina mama. Mimi ni mama. Ingia, ukae."

Akaingia. Kazi ya wasichana ilikuwa moto. Tiruwerk alileta kuni mbichi kuliko zote, Asnakech akapepea moshi badala ya makaa. Emama Wubit aliosha buni mara tatu, akazikaanga, akaziunguza, akazitupa, akaanza upya.

"Wasichana gani hawa wasiojua kuwasha moto? Mwalimu, mnawafundisha nini huko?"

Kikombe cha kwanza kilitoka jua likikaribia utosini. Kabla ya cha tatu, walisikia lori likinguruma, likipanda kilima cha ng'ambo. Mwalimu akalitazama sanduku lake. Bibi akamjazia kiganja shayiri ya kukaanga.

"Tafuna, mwanangu. Umekonda."

Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Ya tatu mwalimu alikuja bila sanduku. Akaketi, akamtazama Tiruwerk akihangaika na gogo linalotoa povu.

"Tiruwerk, lete kuni kavu. Leo siendi popote."

Asnakech akaangua kicheko. Tiruwerk akatamani ardhi immeze.

"Emama," mwalimu akasema, "kwa nini ulijisumbua hivi? Mimi si ndugu yako."

Bibi alijifuta mikono, akatoa kwenye kapu barua nne ambazo hazijafunguliwa.

"Za mwanangu Abate. Alikwenda mjini, huu mwaka wa sita. Kasisi wetu macho yamekwisha, na hapa hakuna mtu mzima mwingine wa kusoma."

"Mbona hukuniambia siku ile ya kwanza?"

"Mtu anayekimbia utampaje barua ya mwanao?"

Mwalimu alizisoma zote, polepole. Abate alifanya kazi kwa fundi viatu, alikuwa ameoa, na kila barua iliishia kwa swali moja: Mama, mbona hunijibu? Emama Wubit alisikiliza akiwa amewapa mgongo. Tiruwerk aliona mabega yake yakitikisika, akasogea akamshika shuka. Bibi hakumfukuza.

Kisha wakaandika jibu. Bibi alitamka, mwalimu akaandika: kondoo wamezaa mapacha, paa limezibwa, yule jirani mwizi wa majani amekufa.

"Nimwambie umemkumbuka?"

"Acha upuuzi. Karatasi itajaa."

Mwalimu akaanza kuikunja.

"Haya, andika," bibi akasema. "Lakini kwa herufi ndogo."

Mwalimu Getnet alikaa Gusha miaka mitano. Tiruwerk na Asnakech walimaliza naye darasa la mwisho, wakawa wasichana wa kwanza wa kilima kile kuendelea na masomo wilayani. Abate alikuja Pasaka iliyofuata barua ile, na mkewe. Emama Wubit alimgombeza mbele ya majirani wote kwa wembamba wake na kwa viatu vyake vya kujionyesha, akiwa amemshika mkono wa shati, na jioni nzima hakuuachia.