Mwenye Mbio za Taa

Dada yangu Ng'washi ana kichwa kigumu, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, maana mtu wa kichwa laini asingetoka hai katika wodi ya kifua kikuu. Alilazwa mwaka wa sabini na nne katika hospitali moja ya misheni nje ya mji wa Mbeya. Sindano kila asubuhi, mwezi baada ya mwezi. Wenzake wengi walichoka, wakatoroka kurudi kulima, na baadhi yao walizikwa kabla ya mavuno. Ng'washi hakutoroka. Nilipomuuliza ni nini kilimshikilia, alisema ni kile kisanduku cha barazani.

Kilikuwa cha mbao, na usoni kilikuwa na balbu za tochi zilizopangwa kwa duara, moja imepakwa rangi nyekundu. Mtu mmoja alizungusha mpini wa pembeni, taa ikawa inakimbia kutoka balbu hii hadi ile. Mwenzake aliweka kidole kwenye swichi akiivizia. Akibonyeza wakati taa iko kwenye nyekundu, kengele ililia na baraza zima lilicheka. Wagonjwa waliuita mchezo huo mbio za taa.

Mimi ni fundi redio, nina kibanda changu Mwanjelwa, Mbeya mjini. Dada alipopona, sista wa wodi aliniletea kisanduku kimekufa. Nikakifungua. Ndani mlikuwa na sahani ya bati la kopo iliyokatwa kwa mkasi, misumari midogo, na waya zilizosokotwa kwa utulivu ambao mimi sijajaliwa. Ila mvua ya barazani ilikuwa imeozesha mbao, na kutu imekula misumari. Hakikuwa cha kutengeneza tena. Hata hivyo nilikuwa nimeshaona kinavyofanya kazi, nami si mtu wa kuhitaji kuona mara mbili.

"Nitaunda kipya," nikamwambia dada. "Hata viwili."

"Umemwomba mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

Akakigeuza. Chini palikuwa na maandishi yaliyochomwa kwa msumari wa moto: R. Kalinga, Iringa.

Kwetu Usukumani, dawa ya mtu haichimbwi bila ruhusa yake. Unaweza kuujua mti, ukaijua mizizi na namna ya kuichemsha, lakini kama mwenye dawa yu hai na hukumwomba, umechemsha maji tu. Ng'washi alisema kisanduku kile kilimtibu, kwa hiyo ni dawa, na kama nataka kubisha nikabishane na marehemu baba. Nilikasirika, maana sista alikuwa amenisihi kipatikane kabla ya msimu wa kulima, wakati wagonjwa wanapotoroka zaidi. Watu wangekufa tukiwa bado tunamtafuta mtu wa kumpigia hodi. Lakini dada ndiye aliyekaa kule, si mimi. Tukapanda basi kwenda Iringa.

Kumtafuta Kalinga mjini Iringa ni sawa na kumtafuta Shija Shinyanga: ukiita, nusu ya soko inaitika. Nikaacha kuuliza jina, nikaanza kuonyesha kazi. Nilibeba ile sahani ya bati kwa mafundi saa, mafundi baiskeli, na mafundi redio wenzangu, ambao walinitazama kama mtu aliyeleta kopo tupu kulitafutia maziwa. Mwishowe seremala mmoja aitwaye Danieli, aliyewahi kufundisha ufundi misheni, akaishika, akatabasamu.

"Huu mkono naujua. Ni Rozalia, binti wa Mzee Saulo Kalinga. Alikuwa anakuja karakana kuniomba mabaki. Nilidhani anachezea."

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mwanamume mwenye miwani. Nikameza mshangao wangu, tukaelekezwa njia.

"Hatuendi mikono mitupu," dada akasema, kwa hiyo nikanunua jembe jipya dukani. Kwetu jembe ni zawadi ya mkulima kwa mkulima, halina maneno. Hakuna aliyetuambia kwamba upande ule wa Uhehe, kijana mgeni akipeleka jembe kwenye nyumba yenye binti asiyeolewa, ana shida moja tu.

Mzee Saulo alitupokea vizuri mno. "Kamwene," tukasalimia, naye akaitikia, akalipokea jembe kwa mikono miwili, akalitazama, kisha akanitazama mimi kuanzia viatu. Akamwita ndugu yake wa nyumba ya pili aje. Tukaletewa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Wakaniuliza ukoo wangu. Wakaniuliza kama kwetu kuna ng'ombe, nikawaambia bila kujivuna sana kwamba wako wengi tu, bondeni Usangu tulikohamia. Wakaniuliza kama nimeoa.

"Bado, mzee."

"Na ulanzi?"

"Kidogo tu, kwa heshima ya wenyeji."

Wakatazamana, wakaitikia kwa vichwa. Nikasema moyoni, Wahehe hawa ni wakarimu kweli. Ng'washi alikuwa ananikanyaga mguu, nikauvuta.

Ndipo akatoka jikoni mwanamke wa umri wangu, mikono ina unga. "Baba, mwambie mgeni achukue jembe lake. Nilishasema siolewi na mtu nisiyemjua."

"Kwani nani kasema anakuoa?" nikajibu. Ulimi wangu siku zote hutangulia akili.

Mzee Saulo akasimama, na ndugu yake naye akasimama. "Umeleta jembe kwangu, umekunywa pombe yangu, sasa unamkataa mwanangu mbele yangu?" Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Akaingia ndani kulifuata jembe anirudishie. Nikaliona lile baraza la wodi, watu wanafunga vifurushi vyao waondoke, na mimi ndiye niliyeharibu.

Ng'washi hakunitetea. Mzee alipotoka na jembe, alimkuta dada yangu amepiga magoti uani.

"Baba, tusamehe. Sisi Wasukuma, kwetu jembe ni jembe tu. Nilikuwa mgonjwa wa kifua. Nimekuja kumshukuru mwanao, na kumwomba kitu." Akaitoa ile sahani ya bati kwenye kanga, akaiweka chini.

Rozalia akaiona. Akakaa palepale kizingitini.

"Mmeipata wapi?"

"Kwenye baraza la wodi, Mbeya."

"Nilidhani walikichoma pamoja na mablanketi yake," akasema. Kisha akatueleza. Kaka yake, Liberatus, alikwenda kulazwa kule. Yeye hakuwa na nauli ya kumtazama, akamtengenezea kisanduku, akampa dereva wa lori ampelekee. Hakupata hata salamu kwamba kimefika. Walichopata ni habari ya msiba. "Nikaona nimepoteza muda na kopo. Tangu hapo sijagusa waya."

"Hukupoteza," dada akasema. "Mimi niko hai kwa sababu yake. Kila asubuhi nilisema leo natoroka, halafu nasema ngoja kwanza nimfunge mgonjwa mwenzangu Asukile kwenye mbio za taa. Nakushukuru, mama. Nakushukuru sana."

Rozalia alikuwa anafuta unga mikononi, ingawa ulishatoka. "Mlichezaje?"

Dada akamweleza: mpini, kidole, nyekundu, kengele. "Na akija mgonjwa mpya, anayezungusha mpini anapunguza mwendo kwenye nyekundu, ili kengele imlilie yule mgeni kwanza. Hiyo ni lazima."

"Hiyo sikuiweka mimi."

"Sisi tuliikuta. Asukile aliyenifundisha alisema ilianzishwa na kijana wa Iringa aliyeletewa kisanduku. Masista walimgombeza kwamba anawadanganya wenzake. Akawajibu, aliyelazwa leo ameshashindwa vya kutosha."

Rozalia akajifunika uso kwa kitenge, na alipofunua alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Ndiye," akasema. "Tukiwa wadogo tukikimbizana, alikuwa ananiachia nishinde. Mimi nikigundua nampiga."

Nikapata nafasi ya kuomba ruhusa, na mara hiyo niliomba kwa adabu. Akasema tuunde vingi kadiri tuwezavyo, na kwamba cha kwanza angekuja kukifunga waya mwenyewe, maana alishaziona kucha zangu na hakuziamini. Ila ile sheria ya mgonjwa mpya tusiiguse. Nilimshukuru mpaka nikaishiwa maneno, jambo ambalo hunitokea kwa nadra.

Mzee Saulo alikuwa bado amesimama na jembe mkononi.

"Rudia, mwanangu," akamwambia dada. "Liberatus alisema nini?"

Ng'washi akarudia, polepole. Mzee akageukia nyumba, akamwita mke wake atoke aje asikie.