Mvua ya Kaoboi wa Subukia

Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo Kaoboi wa Subukia, bendi ya muziki wa kantri, waliweza kukutana wote wanne, na Ijumaa ile ya mwezi wa saba walikutana kupikwa. Maana ukitaka kurekodi wimbo katika chumba cha kupanga pale Al Muraqqabat, lazima kwanza uzime AC. Kinasa sauti hakichagui, kinameza kila kitu: gita, sauti ya mtu, na mngurumo wa mashine ile. Na ukizima AC Dubai mwezi wa saba, una nafasi ya wimbo mmoja tu kabla watu hawajaanza kuona nyota mchana.

Chumba kilikuwa cha Yekoniya, Mganda mwenye kicheko cha tumboni, aliyefanya kazi kwa wakala wa mizigo kule Deira. Alipiga gita la besi, na yeye ndiye aliyekuwa na kompyuta. Ukutani alitundika mablanketi ya kufungia mafriji ya watu, ili sauti isirukeruke. Kiongozi wa bendi alikuwa Hesbon, mlinzi katika jumba moja la maduka, mwanamume mrefu, msafi, asiyetoka bila kofia yake pana hata akienda kununua vitunguu. Wa tatu alikuwa Ivy, binti wa mapokezi katika hoteli ndogo mtaa wa pili. Na wa nne, aliyekalia ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango, alikuwa Jecinta.

Jecinta alikuwa mpishi katika nyumba moja kule Mirdif, mama wa makamo, mcheshi, mpenda vitendawili kupita kiasi. Kazi yake katika bendi ilikuwa kuitikia. Hesbon akiimba, Jecinta aliitikia. Ivy akiimba, Jecinta aliitikia. Wakimaliza wote, Jecinta alifungua chapati.

"Kitendawili!" alisema sasa, huku Hesbon akikaza nyuzi.

"Tega," akajibu Yekoniya.

"Ana tumbo tupu, shingo ndefu, na ukimkuna analia watu wakafurahi."

"Shemeji yangu wa Masaka!"

"Ni gita, Yekoniya, ni gita," Hesbon akasema bila kucheka. "Jecinta, tumekuja kurekodi, hatukuja kutegeana."

Kwa kweli Hesbon alikuwa na sababu ya kununa. Bendi ilikuwa imetoa nyimbo tatu, na zote zilipelekwa kwenye kituo kimoja cha redio kule Nakuru, ambako kila Jumapili alasiri mtangazaji aitwaye Justus alipanga nyimbo Ishirini Bora za kantri kwa kura za wasikilizaji. Wimbo wa kwanza, uliohusu theluji ya Montana kule Marekani, ulichungulia namba kumi na tisa, ukaona watu, ukarudi nyuma. Wa pili ulihusu treni, nao haukufika hata stesheni. Wa tatu ulipanda hadi kumi na mbili, ila kila mtu alijua kwamba ukoo mzima wa Hesbon ulishinda ukituma ujumbe. Wala hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona Montana. Kupanda farasi, hawakuwahi pia.

Kule Subukia, mama yake Jecinta alizisikiliza zote tatu, sikio limebanwa kwenye redio. Kila mara alipiga simu na kuuliza, "Sasa wewe uko wapi humo ndani?"

"Niko nyuma, mama. Pale wanaposema uuu."

"Hao wanaosema uuu ni wengi. Mimi nitajuaje ni wewe?"

Swali hilo lilimuuma Jecinta kuliko alivyoonyesha. Siku moja mama akapiga simu kumwambia kwamba Sukari, ng'ombe wao, amezaa. Kisha akaishika simu mdomoni mwa ndama ili Jecinta amsikie. Jecinta alikuwa amesimama jikoni kwa madam, mkono umejaa unga, akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki peke yake. Jioni hiyo, akipiga pasi, wimbo ukaja wenyewe:

*Sukari amezaa, nami sikuwepo,*
*nani alikata majani, nani alishika taa?*

Yekoniya alipousikia alisema hiyo ndiyo kantri yenyewe, nyingine zote ni kofia tu. Hesbon alikubali urekodiwe, kwa sharti moja: aimbe Ivy.

"Sauti ya Ivy ina Amerika ndani yake," alisema. "Yako, Jecinta, ina jikoni. Usinielewe vibaya."

Jecinta alisema sawa. Ila sawa ile haikutoka moyoni.

Basi Ijumaa hiyo AC ikazimwa, mlango ukafungwa, na Ivy akaimba vizuri, kwa sauti nyembamba iliyonyooka. Jecinta aliitikia uuu huku jasho likimwingia machoni. Walipomaliza, Hesbon akatangaza, "Khalas! Huo umekaa!" Yekoniya akawasha AC, mashine ikakohoa, ikaanza kunguruma, na wote wanne wakajilaza sakafuni kama nguo zilizotoka kufuliwa.

"Sasa niacheni niuimbe mara moja," Jecinta akasema, macho kwenye dari. "Kuutoa tu kifuani. Halafu tule."

Hakuna aliyekataa. Hesbon alichukua gita akalipiga kivivu, akiwa amelala chali. Yekoniya akaisogelea kompyuta, akabonyeza, kwa vile aliona haya kumwacha mtu aimbe bure. Na Jecinta akaimba, sauti ya chini, nzito, ile ya jikoni, kama mtu anayeongea na mnyama gizani asimshtue. Alipofika kwenye ndama, Ivy alikuwa amegeukia ukutani, anapangusa pua.

Kisha wakala chapati.

Huenda ni chapati, huenda ni usingizi wa Ijumaa. Yekoniya alipotuma wimbo Nakuru, alituma ule usiotakiwa.

Jumapili iliyofuata ni siku ya kazi Dubai, na Jecinta alikuwa akimenya viazi. Mama akapiga simu akipiga kelele hata salamu akazisahau. "Nimekusikia! Nimekusikia, na mvua inanyesha!"

"Mvua gani, mama?"

"Hiyo inayopiga mabati wakati unaimba! Justus mwenyewe amesema, sikilizeni mvua hiyo, huyu mama ameimbia zizini!"

Jecinta alikaa chini juu ya gunia la viazi. Alielewa mara moja. AC ya Yekoniya ilikuwa imefika Nakuru, na kule ikageuka mvua.

Wimbo uliingia namba kumi na moja. Hesbon alipopata habari alishika kichwa juu ya kofia. Alimpigia Justus siku ileile, akaomba radhi, akatuma ule msafi, na Jumapili ya pili ukapigwa ule wa Ivy. Wasikilizaji hawakumwachia Justus nafasi ya kupumua. Mvua imeenda wapi? Yule mama mmemficha wapi? Mwingine aliuliza kama ng'ombe amekufa. Justus akaurudisha ule wa kwanza kabla kipindi hakijaisha, na Jumapili ya tatu ukawa namba nne. Kabla ya Jumapili ya nne, Justus akatuma ujumbe kwamba safari hii umefika kileleni, namba moja, na kwamba siku hiyo angependa kuongea na bendi hewani.

Tatizo ni kwamba Hesbon akiwa zamu simu hubaki kwa msimamizi, Yekoniya siku hiyo alikuwa akipakia kontena, na Ivy haruhusiwi kuongea na simu yake mbele ya wageni. Aliyebaki ni Jecinta. Ijumaa kabla ya hapo Hesbon alimketisha akamfunza kama anayemwandaa mtu kwenda mahakamani.

"Akiuliza mvua, sema ni mvua. Tukisema ni AC tutachekwa mpaka Naivasha. Na akiuliza mwimbaji, sema mwimbaji wetu ni Ivy, wewe ulimshikia tu kwa kuwa alikuwa na mafua. Maana wimbo ujao ataimba yeye, wasije wakachanganyikiwa."

"Kaka Hesbon, mimi sikuwa na mafua," Ivy akasema.

"Ni ya redio hayo, Ivy."

"Wimbo ni wa auntie."

"Ni wa bendi!" Hesbon akavua kofia, akaivaa tena. "Jecinta, tumeelewana?"

Jecinta alimtazama. Alimpenda Hesbon, asikudanganye mtu. Ndiye aliyemtoa upweke mwaka wake wa kwanza, alipomsikia akiimba kanisani akamwambia njoo Ijumaa. Hakutaka kumwaibisha. Akasema, "Nimesikia," na hakusema zaidi.

Jumapili simu ililia akiwa jikoni Mirdif. Madam Hilwa, ambaye wazee wake walitoka Unguja na ambaye hakutaka kupitwa na jambo, alikuwa amevuta kiti akakaa karibu na friji.

"Weka sauti kubwa nami nisikie," alinong'ona. "Na hiyo birika izime, itakupigia filimbi."

Sauti ya Justus ikajaa jikoni. "Wapenzi wasikilizaji, kutoka Dubai, namba moja wetu! Tunaongea na nani?"

"Jecinta."

"Jecinta! Wewe ndiye unayeimba, ama wewe ni meneja?"

Picha mbili zilimjia Jecinta kichwani. Alimwona Hesbon langoni kwenye zamu yake, mgongo umenyooka. Akamwona mama yake sikio kwenye redio, anangoja kujua kama ni mmoja wa wale wanaosema uuu.

"Ni mimi ninayeimba," alisema. "Na wimbo nimeutunga mimi. Mama, kama unasikia, safari hii siko nyuma."

Madam Hilwa akapiga goti lake kwa kofi.

"Sasa tuambie," Justus akaendelea, "ile mvua! Dubai nasikia hakunyeshi. Mliipata wapi?"

Kusema mvua, hakuweza. Kusema AC, ilikuwa kumwaga unga wa bendi mbele ya Bonde la Ufa zima. Ulimi wake ukafanya kile ulichozoea.

"Kitendawili!"

Justus, ambaye naye alilelewa kwa vitendawili, akajibu, "Tega!"

"Babu yangu ananing'inia ukutani. Akikoroma tunalala, akinyamaza tunaamka tumelowa."

"Ngoja, ngoja! Wasikilizaji, tumieni namba zilezile! Babu ananing'inia ukutani, ni nani huyo?"

Majibu yakamiminika. Saa ya ukutani. Popo. Mwanamke mmoja wa Molo alisema ni mume wake, isipokuwa wa kwake haning'inii. Mwingine alisema ni picha ya rais. Hapo jikoni, Madam Hilwa alikuwa amesimama, anaangalia juu ya mlango, mdomo wazi, kisha akajiziba kwa mtandio asije akalipua jibu hewani.

"Tumeshindwa," Justus akasema mwishowe.

"Nipe mji."

"Nakupa Njoro."

"Usikubali Njoro!" Madam Hilwa akanong'ona kwa nguvu. "Mwambie akupe mji wa maana!"

"Njoro ni padogo, Justus. Babu yangu ni mzito."

"Haya, chukua Nakuru yote, na ziwa lake!"

"Nimeichukua. Nimeenda Nakuru, nimepokewa vizuri, nimekunywa chai ya maziwa ya Sukari, na watu wote wa huko wamenisalimia. Nimerudi. Jibu ni AC. Mvua mliyoisikia ni AC ya chumba cha Yekoniya. Tulishindwa kuizima kwa sababu tungekufa."

Jecinta akafumba macho. Ndipo kicheko cha Justus kikaja, kikavunjika, kikaanza upya. "Yaani tumelia mwezi mzima kwa ajili ya AC?" Akaanza kusoma ujumbe. Wa kwanza ulitoka Rongai: *Mwambieni asiizime. Huku kwetu haijanyesha tangu Pasaka, tunaisikiliza hiyohiyo.*

Jumapili iliyofuata wimbo ulishuka hadi namba tatu, ukapitwa na Wamarekani wawili. Lakini kabla ya hapo, Ijumaa, Jecinta alipanda ngazi za Al Muraqqabat polepole, chapati kifuani, akijiambia kwamba akifukuzwa hatalia mbele ya Ivy. Alimkuta Hesbon amekaa kwenye ile ndoo ya Jecinta iliyopinduliwa. Kiti cha katikati, mbele ya maikrofoni, kilikuwa kitupu.

"Msimamizi wetu ni Mkisii," Hesbon alisema, akitazama viatu vyake. "Alisikia kipindi mtandaoni. Amenisimamisha mbele ya walinzi wote, akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye ninayempigia Jecinta gita."

"Ukamjibu nini?"

Hesbon akakuna kidevu. "Nikamwambia ndiyo, ni mimi."

Yekoniya alikohoa kicheko, Ivy akamkanyaga mguu. Hesbon akainua uso hatimaye, na uso ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo na bado anashangaa ulivyokuwa mzito.

"Una mwingine?" akauliza.

"Ninazo nne. Hamkuwahi kuniuliza." Jecinta akampa Ivy chapati azishike, akaenda akakaa kwenye kiti, akavuta maikrofoni mpaka ikafika usawa wa kidevu chake. "Huu wa kwanza unaanza polepole, Hesbon. Shika G. Na Ivy, mama yangu, wewe utaniitikia."