Paka wa Mama Garrod

Halmashauri ya Holbeck ilimruhusu Mama Garrod kulaza wapangaji sita. Mtu wa saba angemkosesha leseni, na bila leseni angerudi kufua nguo za watu. Asubuhi hiyo, aliposikia tunabisha hodi, alidhani tumekuja kuhesabu vichwa. Sisi wa idara ya afya tulikuja kufukiza chumba cha juu ili kuua maradhi, ambako siku iliyotangulia binti mmoja alitolewa akiwa na homa ya vipele.

Alitupa chai ya maziwa. Mimi na msimamizi wangu, Sculley, tukanywa, kisha tukapanda juu.

"Wote wametoka?" Sculley alimuuliza Mama Garrod.

"Wote, bwana."

Tuliziba dirisha na dohani kwa karatasi, tukawasha salfa, yenye moshi wa sumu, ndani ya sufuria, tukatoka na kubandika karatasi mlangoni kwa uji wa unga. Kisha tukakaa ngazini. Hiyo ndiyo kawaida yetu, kwa kuwa wenye nyumba hubandua karatasi mara tunapoondoka.

Mama Garrod hakuijua kawaida hiyo. "Mbona hamwendi?"

"Twende wapi, mama? Leo tunashinda kwako."

Uso ulimpauka. "Basi fungueni. Paka wangu yumo."

Sculley alicheka. "Paka! Panya wa humu wamenona kuliko mimi. Huyo paka wako kazi yake nini?"

"Fungua, we mwanamume!"

Ndani, paka alikohoa. Kilikuwa kikohozi kizito cha mvuta tumbaku.

Sculley aliuvunja mlango kwa bega. Kutoka kabati la ukutani aliporomoka mwanamume aliyevaa shati la ndani, macho yakimchuruzika. Tulimburuta hadi uani, Mama Garrod akimng'ang'ania Sculley mkono.

"Analala mchana tu, bwana! Usiku kitanda ni cha yule binti. Sijaongeza kitanda hata kimoja. Huyu ni nusu mtu! Usininyang'anye leseni."

Kwenye mwanga tulimwona vizuri. Kifua kilikuwa na mabaki ya vipele, na ngozi ya viganja ilikuwa ikibambuka vipande vipande, dalili kwamba homa ile ile bado inaambukiza.

"Umeanza lini kuugua?" nilimuuliza.

"Wiki ya tatu sasa. Nimeshapona, nafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Kwa Lacey. Usiku nakamua ng'ombe, alfajiri najaza makopo."

Sculley alifuta midomo kwa mkono wake mtupu, akaendelea kuifuta. "Nani ananunua maziwa kwa Lacey?"

"Mtaa mzima," alisema yule mtu.

Mama Garrod aliuachia mkono wa Sculley.

"Mjukuu wangu," alisema. "Nimempa kikombe cha maziwa hayo sasa hivi."